Msemaji wa Ndani

Mwaka 1095 mwalimu aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote mjini Baghdad aliketi mbele ya wanafunzi wake ili afundishe, na ulimi ukakataa. Abu Hamid al-Ghazali hakuwa mtu wa kupungukiwa na maneno. Miaka minne kabla ya hapo waziri Nizam al-Mulk alikuwa amemkabidhi kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, na mwenyewe ameandika kuwa wanafunzi wake walifika 300. Katika mijadala alikuwa gwiji. Aliweza kuieleza falsafa ya mpinzani wake vizuri kuliko mpinzani mwenyewe, halafu akaibomoa tofali kwa tofali. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta, katika siku zilizoanzia Rajabu ya mwaka 488 wa Hijra, anafungua kinywa na halitoki hata neno moja. Chakula nacho kikawa hakipiti. Matabibu walimtazama, wakasema ugonjwa umeshuka moyoni na dawa zao hazitaufikia.

Kisa hiki amekisimulia mwenyewe katika Al-Munqidh min al-Dhalal, na kinachonigusa zaidi si maradhi bali hesabu iliyotangulia maradhi. Alikuwa amejiuliza: haya ninayoyasema kutwa, ninamsemea nani? Akajijibu bila kujihurumia kwamba hamsemei Mungu. Anasema ili apate cheo na jina lake lienee. Ni jibu la kumwachisha mtu kazi. Kwa karibu miezi 6 alisitasita, asubuhi ameazimia kuondoka, jioni azma imekwisha, mpaka mwili ukakata shauri kwa niaba yake. Novemba akaaga kuwa anakwenda Makka, kumbe njia yake ni ya Damascus, na huko akawa anapanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya, anajifungia mlango, anakaa humo kutwa.

Miaka ya kujitenga iliyofuata inahusishwa na Ihyaa Ulumiddin, mkusanyiko wa vitabu 40. (Mtu amefungwa ulimi, anatoka na vitabu 40! Wanaodhani kimya humpunguzia mtu cha kusema hawajamsoma Ghazali.) Kitabu cha 24 humo kinahusu maafa ya ulimi, na ameyahesabu kuwa 20. Mwombe mtu yeyote akisie afa la kwanza ni lipi. Atasema uongo, au kusengenya, au fitina. Sivyo. La kwanza ni kusema lisilokuhusu. La pili ni kuzidisha maneno katika lile linalokuhusu. Uongo na kusengenya vimewekwa mbele zaidi, baada ya ubishi na ugomvi. Nionavyo mimi mpangilio huo una busara, kwa sababu makosa mawili ya mwanzo ndiyo ambayo hakuna anayeyaonea haya. Mwongo anajua anadanganya. Mzidishaji anadhani anafafanua.

Pwani yetu kitabu hicho si kigeni. Masharifu wa tariqa ya Alawiyya waliotoka Hadhramaut wanakienzi tangu zamani, na tariqa hiyo ndiyo iliyostawi Lamu katika Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh. Anayezijua darsa za pwani ataiona picha: mwalimu anasoma Kiarabu, anatua, anafasiri kwa Kiswahili, wazee wameegemea nguzo na vijana wamekaa karibu na mlango ili watoke upesi. Darsa ikiwa ni ya kusengenya, watu hutikisa vichwa kwa majuto ya kweli. Kisha hutoka nje, wakakaa barazani, na hapo mifano hai ya somo hutolewa, kwa majina kamili.

Nacheka, lakini siwacheki wao peke yao. Kuuzuia ulimi tumefundishwa tangu utotoni, na methali tunazo za kutosha: kinywa ni jumba la maneno, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto wa pwani akifika miaka kumi ameshajua lipi lisemwe mbele ya mgeni na lipi lisubiri mgeni aondoke. Tunajua kufunga mdomo. Tatizo ni kwamba kufunga mdomo na kunyamaza ni mambo mawili, na hilo la pili hatukufundishwa sana.

Tazama kanga. Mwanamke amechokozwa na jirani yake. Hatagombana; amelelewa. Anakwenda dukani, anamwomba mwenye duka amshushie ile, na ile, na ile ya juu kabisa, anasoma jina moja baada ya jingine, mpaka anaifikia iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Analipa. Jioni anajitanda, anapita mbele ya mlango wa jirani, anatoa salamu ya heshima, anakwenda zake. Baada ya muda anarudi kwa njia ileile, kwa kuwa amesahau chumvi. Hajasema neno, na mtaa mzima umesikia. Mimi naipenda sanaa hiyo na sitamani ipotee. Imewasemea wanawake ambao hawakuwa na kikao cha kusemea, na uzuri wake ni kwamba aliyepigwa hawezi kulalamika bila kukiri kuwa imempata. Lakini hakuna atakayeniambia kuwa ndani ya yule mwanamke kulikuwa na kimya. Wiki nzima amekuwa akijibizana na jirani yake huku akipepeta mchele, na katika majibizano yale jirani hakuwahi kushinda hata mara moja.

Huyo anayejibizana ndiye ninayemwita msemaji wa ndani. Sote tunaye. Hupanda nasi daladala, hulala akiwa macho, humjibu bosi aliyekwisha kwenda nyumbani na mkwe aliyekufa zamani. Akikaa peke yake hana madhara makubwa, anachosha tu. Madhara huanza tunapoketi na mtu mwingine. Mwenzako hajamaliza sentensi, msemaji wako wa ndani ameshapata jibu, amelipanga, sasa anasubiri mwanya. Unatikisa kichwa, unasema "ndiyo, ndiyo", na mtu akikutazama kwa nje atasema una subira. Maneno yaliyotoka kwa mwenzako baada ya sentensi ile ya kwanza hukuyapata.

Mmarekani John Francis aligundua hilo kwa njia ya ajabu. Mwaka 1971 meli mbili za mafuta ziligongana kwenye ghuba ya San Francisco, mafuta yakamwagika, ndege wakafa ufukweni. Francis, kijana mweusi aliyekuwa akiishi jirani na hapo, akaapa kutopanda tena chombo chochote cha moto, akawa anakwenda kwa miguu. Kila aliyekutana naye alitaka kubishana: mtu mmoja kutembea kutasaidia nini? Naye hakuwa mtu wa kuacha neno la mwisho kwa mwingine. Siku yake ya kuzaliwa ya mwaka 1973, alipotimiza miaka 27, akaamua kuwapa majirani zawadi ya kunyamaza siku moja tu. Ile siku ikawa miaka 17. Katika muda huo alitembea sehemu kubwa ya Marekani akiwa na banjo yake mgongoni, akasoma mpaka shahada ya uzamivu, na chuoni Montana akafundisha darasa bila kusema. Alifungua kinywa tena mbele ya watu mjini Washington, Siku ya Dunia ya mwaka 1990. Mengi ya hayo ni maajabu ya kusimuliana tu. Kwangu kiini ni kile alichokiona siku ya kwanza kabisa: kwamba maisha yake yote alikuwa akimsikiliza mtu hadi pale anapodhani amejua mtu huyo anaelekea wapi, halafu anaacha kusikiliza na kuanza kutengeneza jibu. Sasa hakuwa na jibu la kutengeneza. Ilibidi asikie mpaka mwisho, na huko mwisho akakuta watu wanasema mambo asiyoyatarajia.

Basi je, kimya cha ndani kinaweza kulelewa na watu wa kawaida, wenye watoto na kodi ya nyumba, wasioweza kukimbilia Damascus wala kunyamaza miaka 17? Watu ninaowajua waliolifanya jambo hili kuwa kazi ya jumuiya, tena kwa karne tatu na nusu, ni Marafiki, wale ambao Waingereza waliwaita Quakers. Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, chini ya mahubiri ya George Fox. Ibada yao ya asili haina mchungaji wala mimbari. Watu huingia, huketi, hunyamaza. Yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kusimama na kusema akisukumwa. Wa mwanzo walisukumwa kiasi cha kutetemeka mwili. Akishasema huketi, na wengine huacha muda upite kabla ya mtu mwingine kusimama, ili neno lile lipate mahali pa kutua. Hakuna kumjibu aliyetangulia. Pengine saa nzima hupita bila mtu kusema lolote, na hawahesabu kuwa ibada imeharibika.

Wanafundishana kulipima neno kabla ya kusimama nalo. Je, hili limetoka kwa Roho, au ni mawazo yangu niliyoyapenda? Kama limetoka kwa Roho, ni la kuwaambia wote, au nimepewa mimi niende nalo nyumbani? Kama ni la wote, ni la leo? Mtu anaweza kufaulu mawili ya kwanza akakwama kwenye la tatu, akakaa na neno lake miezi. Tena wanashauriana mtu asiende mkutanoni akiwa tayari amekata shauri, liwe la kusema au la kunyamaza. Ninaipenda zaidi nusu hii ya pili. Wenye maneno mengi hukemewa kila mahali. Waoga wa kusema hupewa sifa ya upole, wakati ambapo wao pia wameingia na uamuzi wao mfukoni.

Katika Marafiki wa kale yupo mmoja ambaye ningependa asomwe pamoja na Ghazali, ingawa hawakujuana wala wasingejuana. John Woolman alizaliwa mwaka 1720 New Jersey, akawa mshonaji nguo na mwenye duka dogo. Katika shajara yake anasimulia kwamba alipokuwa kijana alisimama mkutanoni akasema aliyosukumwa kuyasema, kisha akaongeza kidogo. Hakusema uongo, wala hakumtukana mtu. Alizidisha tu, lile afa la pili la Ghazali. Akaketi akiwa amejua, akahuzunika kwa wiki kadhaa, na hakusimama tena mpaka alipojiona ametulia. Anasema kwa njia hiyo alijifunza kuitofautisha sauti moja na nyingine ndani yake. Sisi tunaotuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la familia tutaona ni mtu wa ajabu.

Lakini Woolman hakuishi ndani ya mkutano tu. Akiwa karani wa duka, tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Aliiandika. Moyo ukamsumbua pale pale, akawaambia tajiri na mnunuzi kuwa utumwa haupatani na dini yao. Baadaye wengine walipomwomba hati au wasia wa kurithisha watumwa, akakataa. Marafiki wa Amerika, watu wa kimya na upole, walikuwa wakimiliki watu. Waraka wa kwanza wa kupinga jambo hilo waliandikiwa na wenzao wa Germantown mwaka 1688. Ukapokelewa, ukaonekana ni mzito, ukapelekwa kikao cha juu, huko nako ukawekwa. Marafiki hawapigi kura. Husubiri mpaka kikao kizima kiwe na nia moja, na karani huandika muhtasari papo hapo na kuusoma, mpaka wote waukubali. Utaratibu mzuri sana, mradi anayeumia awe mmoja wa walioketi. Watumwa hawakuwa wameketi.

Mwaka 1738, kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka mjini Burlington, aliingia Benjamin Lay. Alikuwa mfupi mno, mwenye kibyongo, Mwingereza aliyewahi kuishi Barbados akaona kwa macho yake watu wakifa katika mashamba ya miwa. Chini ya joho alivaa koti la kijeshi na upanga, mkononi ana kitabu alichokitoboa ndani na kukitia kibofu cha maji mekundu ya matunda. Zamu yake ilipofika hakupima neno lolote. Aliwaambia kuwa wanaomiliki watumwa wanamwaga damu, akachomoa upanga, akakichoma kitabu, maji mekundu yakawarukia waliokuwa karibu. Wakamtoa nje. Baadaye wakatangaza kuwa si mwenzao.

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1758, kwenye mkutano wa mwaka wa Philadelphia, suala likarudi. Woolman alikaa kimya sehemu kubwa ya mjadala. Wengi walisema hawautetei utumwa, ila tungoje, Mungu atafungua njia kwa wakati wake. Hapo ndipo aliposimama. Kwa maneno machache aliwaambia kwamba kilio cha wale watu kimemfikia Mungu, na kwamba kuchelewesha haki kwa sababu ya maslahi ya wachache, kwa kisingizio cha kungoja, kunaweza kuleta adhabu. Kikao kikageuka. Ikateuliwa kamati ya kuwazuru wenye watumwa nyumba kwa nyumba, na yeye akiwemo. Lay, mzee sasa, akaletewa habari, na inasimuliwa kwamba alisema sasa anaweza kufa kwa amani. Alikufa mwaka uliofuata. Ilipofika 1776 Marafiki wa Philadelphia wakapiga marufuku kabisa mwenzao kumiliki mtumwa. Kutoka Germantown ni miaka 88.

Nimeukalia mkasa huu kwa muda mrefu na bado haujanikalia sawa. Ningependa kusema Woolman ndiye kielelezo: aliyenyamaza, aliyepima, aliyesema machache, yakafanya kazi. Lakini nani ajuaye maneno yale machache yangekuta masikio ya namna gani, kama miaka 20 nyuma watu walewale, au baba zao, hawakurudi nyumbani na madoa mekundu kwenye nguo? Nadhani walihitajiwa wote wawili. Na wale waliosema "tungoje" walikuwa wamekaa katika kimya kilekile cha Woolman, kwenye mabenchi yaleyale, huku msemaji wa ndani akiwahesabia mali zao. Kwa nje usingemtofautisha anayesikiliza na anayepiga hesabu.

Kuna mkia wa hadithi hii unaotuhusu sisi wa huku. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ila waliokuja Kaimosi walitoka katika tawi ambalo lilikuwa limepitiwa na uamsho wa karne ya 19, tawi lenye wachungaji, nyimbo na mahubiri, na hivyo ndivyo Kanisa la Marafiki linavyoabudu huko hadi leo. Rafiki yangu mmoja, Mmaragoli wa Vihiga, amelelewa humo tangu kubatizwa kwa Roho, kama wasemavyo, kwa kuwa maji hawatumii. Mara ya kwanza kuingia mkutano wa kimya ilikuwa Uingereza alipokwenda kusoma. "Nilikaa dakika ishirini," aliniambia, "nikadhani mchungaji amechelewa. Nikaanza kuwaonea huruma. Nikafikiria nianzishe pambio."

Nilimwuliza ni wapi alipopata utulivu zaidi, kule au nyumbani. Akafikiri. Akasema kule alitumia saa nzima akijiuliza anaonekanaje. Nyumbani, katikati ya kuimba, wakati akina mama wameshika wimbo na kuuzungusha, kuna mahali hufika ambapo hajiulizi chochote. Na ni hapo, kwa nyimbo na makofi, ndipo mara mbili tatu maishani amejua jambo la kumwambia mtu, na la kutomwambia. Sikuwa na la kumpinga. Kaimosi yenyewe ina kumbukumbu chungu kuhusu hili: mwaka 1927 palizuka uamsho, watu wakalia, wakatetemeka, wakaungama hadharani, na uongozi wa misheni haukuupenda. Waliotetemeka mwishowe walitoka, wakaanzisha makanisa yao ya Roho. Ukimkumbuka Fox na wenzake, unabaki kushangaa nani alikuwa amesahau nini.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu akae kwenye kiti, afumbe macho, ahesabu pumzi, kwamba kimya kitakuja kwa njia hiyo na si nyingine. Wapo kinaowajia wakipalilia, wakisuka ukili, wakivuta uradi. Dalili ya kuwa kimekuja, kwa jinsi ninavyoielewa, ni moja: mtu anaweza kusikia jambo linalomwumiza bila kulikatiza njiani.

Nao unyamavu wa kulazimishwa usichanganywe na huu. Katika fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya pwani, mwanamwali akiulizwa habari ya posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa. Sina shaka kusudio lilikuwa kumstiri mwenye haya asilazimike kutamka "namtaka" mbele ya baba yake. Lakini kila anayewajua bibi zetu anajua kuwa katika nyumba nyingi kimya kile kilipokelewa haraka mno, na wasemaji, bila aliyeulizwa kupewa nafasi ya kukimaliza. Upambanuzi kabla ya kusema ni wa mwenye uwezo wa kusema. Asiye na uwezo huo hafai kuhubiriwa subira. Anafaa kuulizwa tena, na mwulizaji atulie.

Kuna kanuni moja ambayo naiona inamkaba msemaji wa ndani kuliko mawaidha. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliipendekeza mwaka 1951. Mkiwa katika ubishi, simamisheni mazungumzo, mkubaliane: hakuna anayeruhusiwa kusema lake mpaka kwanza ameyarudia maneno na hisia za aliyesema kabla yake, na mwenyewe akakubali kuwa ndivyo. Inasikika ni ya kitoto. Rogers mwenyewe alionya kuwa ni miongoni mwa mambo magumu, akataja sababu ambayo sikuitarajia: ni woga. Ukimwelewa mtu kweli, ukaingia upande wake, kuna hatari ukatoka umebadilika.

Niliipeleka kanuni hiyo kwenye kikao chetu cha ukoo, kuhusu shamba la minazi aliloliacha babu upande wa Muheza. Baba mkubwa, aliyekuwa akiongoza, hakuielewa sana faida yake, ila alisema tujaribu, mradi tusichelewe Alasiri. Waliotaka kuuza walisema yao. Zamu ikawa ya shangazi, ambaye kwa kawaida hukatizwa kabla ya kumaliza salamu. Safari hii aliongea polepole, akamaliza. Baba mdogo alikuwa ameshanyanyua mkono. Baba mkubwa akamkumbusha sharti.

"Nimemwelewa," akasema baba mdogo. "Dada hataki tuuze."

"Sikusema hivyo," akajibu shangazi.

Akajaribu tena. Akasema dada ana uchungu wa makaburi ya wazazi, jambo ambalo kila mtu analijua, na pesa yake itatengwa ya kuyajengea ukuta. Shangazi akasema hakutaja kaburi. Vijana wakaanza kutazamana. Mara ya tatu baba mdogo akacheka, akasema labda amesinzia, maana hakumbuki lingine lililosemwa, akatuomba sisi wengine tumsaidie. Nilifungua kinywa, baba mkubwa akanizuia kwa kiganja.

"Nimeuliza ni nani kati yetu aliyekwisha pokea arubuni," akasema shangazi. "Rudia hilo, mdogo wangu. Halafu useme lako."